Aliyetumwa na Waliomtuma

Tafakari ya juma
Masomo: Matendo ya Mitume 13:1–3 na 14:26–28



Msimu wa korosho umefunguka. Maghala yanapokea magunia, minada inaendelea, na katika familia nyingi za mitaa yetu mipango ya mwaka mzima inasubiri wiki hizi chache: ada za shule, mabati ya nyumba, deni la dukani, mahari, dawa ya mikorosho ya mwakani. Kanisani nako sadaka za mavuno zimeanza kuletwa. Nimeona ni vema wakati huu huu tutafakari wito, jambo ambalo tumezoea kuliweka mbali na hesabu za fedha na za nyumbani. Tulisome Neno la Mungu tukiwa na vumbi la ghalani miguuni, maana ndivyo lilivyowakuta watu wa Antiokia ya Siria: katika mji wa biashara, kila mmoja na shughuli zake.

Mtakatifu Luka anawataja kwa majina watu watano waliokuwa manabii na walimu wa kanisa lile. Barnaba alikuwa Mlawi wa Kipro. Simeoni aliitwa Nigeri. Lukio alitoka Kirene, kaskazini mwa Afrika. Manaeni alilelewa pamoja na Herode, ndani ya jumba la mtawala. Wa mwisho ni Sauli, ndiye Paulo, aliyekuwa amelitesa kanisa. Hawakuzaliwa kijiji kimoja wala hawakuwa na babu mmoja. Walikutanishwa na ibada. Wakiwa katika ibada hiyo na katika kufunga, Roho Mtakatifu aliwaagiza wawatenge Barnaba na Sauli kwa kazi aliyowaitia. Basi wakafunga tena, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaruhusu waende.

Angalieni agizo lile lilitolewa kwa nani. Barnaba na Sauli walikuwa wameitwa na Mungu, lakini sauti ya kuwatenga ililetwa mbele ya wenzao. Wenzao ndio waliopewa kazi ya kusikia, ya kufunga, ya kuweka mikono, na ya kubaki na pengo. Tena Antiokia hawakutoa watu wa ziada. Walitoa walimu wao walio bora. Tukisoma hadi mwisho wa sura ya 14, tunawaona wawili hao wakirudi kwa meli hadi mji ule ule, wakilikusanya kanisa na kulieleza yote ambayo Mungu alitenda pamoja nao. Kisha wakakaa na wanafunzi muda mrefu.

Ninachotaka tukishike juma hili ni hiki: mtu mmoja anapoitwa, kanisa zima limepewa kazi. Kazi hiyo inaanza siku ya kumtambua na haiishi hadi siku ya kumpokea anaporudi, kwa shangwe au kwa machozi.

Sisi watu wa kusini hatuna haja ya kwenda Siria kulitafuta somo hili. Limeandikwa katika njia zetu wenyewe. Machi 1866 David Livingstone alifika pwani hii akitafuta mlango wa kuingilia bara. Alianza na mdomo wa Ruvuma, lakini mikoko ilisongamana na ngamia wake hawakuwa na pa kushukia. Akageuza chombo, akateremka katika ghuba ya Mikindani. Nchi aliyopita kutoka hapo ilikuwa nchi ya misafara ya watumwa. Watu wa huku bara, Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wanyasa, walikuwa wakishushwa pwani wamefungwa na kuvushwa kwenda Unguja na ng'ambo ya bahari.

Miaka kumi baadaye nchi hiyo hiyo ilipitiwa na watu wanaopanda kutoka pwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA ya wazee wetu, aliondoka Unguja na kikundi cha wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakaingia bara kwa miguu. Shabaha yao ilikuwa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wengi waliona wamekaribia kwao kiasi cha kutosha, wakaomba kukaa hapo. Hivyo kanisa letu la kusini lilianzishwa na watu walionyang'anywa ukoo, wakakubali kuwa ndugu. Misheni iliwapa viwanja, lakini undugu waliujenga wenyewe. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Wamagwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Waliosalia walianza tena.

Katika kanisa hilo ndipo tunapokutana na Cecil Majaliwa. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafikishwa Unguja. Huko alikombolewa, akalelewa na kusomeshwa na misheni katika shule ya Kiungani, hata akapelekwa Canterbury, Uingereza, kuendelea na masomo. Mwaka 1886 aliwekwa kuwa shemasi na kutumwa Chitangali, upande wa Newala, kwa mkuu wa Wayao aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Alitumika Chitangali hadi 1897: miaka kumi na moja ya kufundisha, kubatiza, kusuluhisha na kuzika, katika nchi ambayo Uislamu nao ulikuwa ukienea kwa nguvu. Alikuwa Myao kati ya Wayao. Mtoto aliyeshushwa pwani kama mali alipanda tena bara akiwa mchungaji.

Tunapoisimulia habari ya Padri Majaliwa, mara nyingi tunalitaja jina lake peke yake. Lakini fikirini ni watu wangapi walihitajika ili mtu huyo asimame madhabahuni. Walikuwepo waliomtoa katika minyororo. Walikuwepo waliomfundisha kusoma. Alikuwepo mkewe, aliyekubali kuiacha Unguja na kwenda kulea watoto katika kijiji cha ugenini. Alikuwepo Nakaam, aliyempokea na kumpa nafasi ya kujenga. Walikuwepo wanawake wa Chitangali waliomwonyesha mkewe kisima na kuni, na vijana waliokaa chini kusikiliza mafundisho wakati wenzao wakiwacheka. Majina ya wengi kati yao hatunayo. Mungu anayo.

Na tuitazame pia sehemu ya pili ya habari yake, maana inatufundisha zaidi. Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja, na miaka iliyofuata haikuwa na mavuno kama yale ya Chitangali. Kanisa lililoweza kumpa mwana wa Afrika upadri mwaka 1890 lilichelewa mno kumkabidhi uongozi. Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Vincent Lucas. Hilary Chisonga alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi hiyo, baada ya Trevor Huddleston, ilikuwa mwaka 1968. Kutoka upadri wa Majaliwa hadi hapo ni miaka 78. Ni miito mingapi iliishia kwenye ukatekista au ualimu katika miaka hiyo kwa sababu waliopaswa kuitambua hawakuamini macho yao? Hata hivyo Mungu hakuuacha wito ule ufe. Katika uzao wa Majaliwa alitoka John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania kuanzia 1984 hadi 1998.

Simulizi hili nimelileta ili lituhoji sisi tunaokaa kwenye mabenchi leo. Wakati ule waliochelewa kutambua walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Leo kanisa liko mikononi mwetu. Watu wanaoitwa na Mungu katika parishi zetu wanatutegemea sisi tusikie.

Tuanze basi na kusikia. Samweli alipoitwa usiku hakuijua sauti ya Bwana. Alikimbilia kwa Eli mara tatu, na mzee yule, pamoja na udhaifu wote wa nyumba yake, ndiye aliyeelewa na kumwelekeza namna ya kuitika. Mzee asingekuwepo, kijana angerudi kulala. Katika mitaa yetu wapo vijana wanaofika mapema kufagia kanisa bila kutumwa. Yupo binti ambaye watoto wa shule ya Jumapili wanamfuata hata akiwa sokoni. Yupo mvuvi wa Msimbati anayejua kumfariji mwenzake aliyepotelewa na chombo kuliko sisi tuliosomea uchungaji. Wazee wa kanisa, hawa mmewaona. Nani amewaambia kwamba mnaiona kazi ya Mungu ndani yao? Kijana anaweza kukaa na moto moyoni miaka mingi akidhani ni ndoto zake tu, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyemwita pembeni na kumwambia.

Wazee wetu walilijua jambo hili hata kabla ya kusikia Injili. Hakuna mtoto aliyejipeleka jandoni mwenyewe. Wakubwa ndio waliotazama, wakashauriana, wakasema huyu wakati wake umefika. Hakuingia peke yake, na alipotoka alipokelewa na kijiji kizima kwa ngoma na nguo mpya. Askofu Lucas aliliona hilo, akaamua kanisa lisizifute jando na unyago, bali liziingize katika malezi ya Kikristo. Palikuwa na mabishano juu ya uamuzi huo, na mengine yanaendelea hadi leo. Lakini hekima iliyo ndani yake tuishike: mtu hukua kwa sababu kuna watu waliochukua jukumu la kumkuza. Mkono mmoja haulei mwana, na padri mmoja hawezi kulea wito wote wa parishi.

Baada ya kusikia ni kutuma, na kutuma kuna gharama. Antiokia walibaki bila Barnaba na Sauli. Parishi ikimpeleka kijana wake bora Chuo cha Mtakatifu Cyprian kule Rondo, kwaya itapungukiwa sauti na familia itapungukiwa mikono shambani wakati wa kuokota korosho. Baba atauliza nani atapulizia mikorosho. Maswali hayo ni ya haki, na jibu lake lisiwe maneno matupu ya kumtia moyo baba. Jibu liwe watu wanaokwenda shambani kwake. Mkiniuliza dalili ya parishi inayojua kutuma, nitawaambia mlitazame shamba la mzazi wa mwanafunzi wa theolojia.

Tusidhani kwamba wanaotumwa ni wale wa joho peke yao. Mji huu wa Mtwara umejaa watu waliotoka mbali. Bandari yake ilijengwa miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, wakati wa ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. Mpango ulianguka, bandari ikabaki, na watu wakabaki nayo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 tulikuwa tumeshapokea wahandisi, madereva, mafundi na wafanyabiashara wa kila kabila. Wapo walimu waliopangiwa vituo huku, wauguzi, askari, wanafunzi wa vyuo. Mwalimu anayehamishwa kutoka parishi yetu kwenda Tandahimba au Nanyumbu, tumemwombea na kumtuma, au tumegundua hayupo baada ya miezi miwili? Muuguzi anapoanza kazi wodi ya wazazi, kanisa linajua kwamba huko nako ni utume? Tuwaite mbele ya madhabahu. Tuwaombee kwa majina. Waende wakijua kwamba wanalo kanisa nyuma yao.

Kazi ya tatu ni kutunza, na hapa ndipo msimu wa korosho unapotugusa. Mtume Paulo aliwakumbusha Wafilipi kwamba wao ndio kanisa lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea, na kwamba walimpelekea msaada zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike. Hakuona aibu kuandika hivyo. Makatekista wetu wa mitaa ya mbali wengi wanaishi kwa jembe lao. Jumapili katekista anaongoza ibada, Jumanne anazika, Alhamisi anafundisha ubatizo, na katikati ya hayo anapalilia, anapulizia dawa, anaokota korosho kama kila mtu. Mvua ikikosea, anakosa kama kila mtu. Tunamsifu kwa uvumilivu wake. Nawaomba tusiufanye uvumilivu wake kuwa kisingizio chetu.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku mwaka 2007, mkulima hupata malipo yake baada ya mnada, na kila mmoja wetu anajua alipeleka magunia mangapi. Napendekeza mbele ya halmashauri ya parishi kwamba kila kaya iweke thamani ya kilo moja kwa kila gunia katika mfuko wa walioitwa: makatekista, wanafunzi wa theolojia, na wajane wa makatekista. Mwenye gunia moja atatoa kilo moja, mwenye hamsini atatoa hamsini, na wavuvi watapanga kipimo chao wenyewe. Hesabu zisomwe kanisani hadharani, zikiwa na mapato na matumizi yake. Fedha isiyosomwa hadharani huzaa manung'uniko, na manung'uniko huua moyo wa kutoa.

Kutunza si fedha tu. Kule Msimbati na Msangamkuu akina mama hufuata maji. Siku za bamvua, bahari ikikupwa mbali asubuhi, wanakwenda mwambani kutafuta pweza na chaza, maana ndicho chakula cha watoto na ada ya shule. Ibada ikipangwa saa ile ile, tusihesabu kutokuwepo kwao kama uvivu wa roho. Tusogeze saa. Mungu aliyeumba mwezi na maji hashindwi kupokea sifa saa kumi jioni. Umoja wa Akina Mama waulizwe kwanza kabla ratiba haijaandikwa, kwa sababu wao ndio wanaojua nani ana mgonjwa, nani amelala na njaa, na nani amefiwa kimya kimya.

Kazi ya mwisho ni kupokea. Barnaba na Sauli walikuwa na pa kurudi. Siyo kila anayetumwa anarudi na habari za ushindi. Yohana aitwaye Marko aliondoka na hao wawili, akawaacha njiani na kurudi Yerusalemu. Paulo hakuwa tayari kumchukua tena. Barnaba alimchukua. Na miaka baadaye Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe kwake kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Wito wa Marko uliponywa kwa sababu mtu mmoja alimfungulia mlango. Kijana aliyerudi kutoka chuoni bila kumaliza, padri aliyestaafu akiwa na afya mbovu, mwinjilisti ambaye ndoa yake imevunjika, wote hao wanarudi nyumbani kwetu. Wasikute minong'ono barazani. Wakute mkeka, maji ya kunywa, na watu walio tayari kusikiliza kama Antiokia walivyosikiliza.

Huku mpakani tunajua maana ya kupokea. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma kuja kwetu, na Rutamba kule Lindi iliwapa maelfu mahali pa kulima na kulala. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilishambuliwa na wavamizi. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma, ng'ambo ya pili ya Ruvuma, nchini Msumbiji, na watu wengi wakakimbia. Wamakonde wa kingo zote mbili wana mababu wamoja. Katika siku hizo Wakristo na Waislamu wa huku walichangiana unga, walilala na hofu moja na walizika pamoja. Parishi iliyojifunza kumpokea anayekimbia risasi haiwezi kushindwa kumpokea mtumishi wake aliyechoka.

Basi juma hili nawapa kazi tatu. Kila mzee wa kanisa amtafute kijana mmoja na amweleze wazi karama anayoiona kwake. Kila mtaa umtembelee katekista wake nyumbani, si kwa kikao bali kwa kumsaidia kazi iliyo mbele yake siku hiyo. Na kila familia itaje katika sala ya jioni jina la mtu mmoja aliyetoka parishi yetu na anayetumika mahali pengine, kisha mtu wa nyumba hiyo ampigie simu kumwambia kwamba ametajwa.

Tuombe.

Ee Bwana wa mavuno, uliyewaita watu wako katika nchi hii kutoka katika minyororo na kuwafanya ndugu, tunakushukuru kwa Cecil mtumishi wako na kwa wote waliomsaidia, ambao majina yao unayajua wewe. Tupe masikio ya kusikia unapomwita mmoja wetu. Tupe mikono mikunjufu ya kumtuma, uaminifu wa kumtunza, na mlango ulio wazi anaporudi. Wabariki wakulima katika mavuno yao na wavuvi katika bahari yao. Uwalinde walio kingo zote mbili za Ruvuma, uwape amani ya kulima na kulala. Ulifanye kanisa lako la kusini liwe nyumba ambayo kila uliyemwita ataiita kwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.